Bosi Ledi Una Ofisi ya Marumaru, Oda Zako Zinakaa Wapi?

Najua wengi mmekimbilia hapa mkijua kuna ubuyu, na ubuyu kweli upo, ila wa leo una mbegu ngumu ndani. Tafuneni taratibu.

Basi kuna huyu bidada wa maigizo, jina lake naliacha kapuni. Msitaje na nyie huko chini, maana nitafuta. Bidada alifungua ofisi ya magauni ya harusi na sendofu. Siku ya uzinduzi mji mzima ulihamia pale: zulia jekundu, ukuta mzima wa maua ya plastiki, taa za duara za kupigia picha, kiti cha rangi ya dhahabu cha mteja kukaa kama malkia. Kapsheni zilikuwa ni Bosi Ledi asubuhi, Bosi Ledi mchana, Bosi Ledi jioni. Mimi mwenyewe nililaiki, sitaki uongo.

Haikupita miezi mitatu tukamuona laivu analia. Mteja kamchafua mtandaoni, eti kalipia gauni la sendofu, siku ya kulichukua kafika ofisini hakuna gauni, hakuna kitambaa, hakuna hata anayejua habari zake. Bidada akajibu kwa kuposti skrinshoti za mazungumzo yake na mteja, namba ya simu ikionekana wazi, na mashabiki wakamwangukia yule dada wa watu kama mvua ya mawe. Roho mbaya, anatafuta kiki, hapendi maendeleo ya mwanamke mwenzie. Akafunga akaunti.

Mimi nikakaa kimya wakati ule. Leo nasema: yule mteja alikuwa na haki asilimia mia.

Nimeongea na dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi pale, na alichonieleza kimenichosha. Ofisi nzima ile ilikuwa inaendeshwa na simu tatu. Simu ya kwanza ya bosi mwenyewe, hiyo hiyo ya mashabiki, ya ndugu na ya mabwana wa DM. Simu ya pili ya dada wa mapokezi, tena aliinunua kwa hela yake mwenyewe. Simu ya tatu ya fundi, humo ndimo kulikuwa na picha za vikaratasi vya vipimo. Mteja akiandika Insta anajibiwa na bosi, akitaka bei anapewa namba ya mapokezi, akija kupimwa vipimo vinabaki kwa fundi. Siku bosi na dada wa mapokezi walipogombana, dada akachukua mkoba wake na simu yake akaondoka zake. Oda ya yule bibi harusi ikaondoka naye mkobani. Hakuiba mtu hapo. Simu ilikuwa yake.

Sasa niambieni, kile kiti cha dhahabu kilisaidia nini?

Msije mkadhani namcheka. Nimeandika hii makala mara mbili nikaifuta, kwa sababu kabla ya kumsema mtu na ofisi yake, nyumbani kwetu yametokea yale yale, na aliyeyasababisha ni mimi.

Dada yangu mkubwa anapika keki. Hana ofisi, anapikia nyumbani Mbagala, na hizo keki ndizo zimenilisha mimi toka nimemaliza form four nikawa nazunguka sina mbele wala nyuma. Alikuwa na daftari lake, lile kubwa la kaunta, limejaa unga na mafuta. Kila oda kaandika kwa mkono: jina, tarehe, ladha, kalipa ngapi, bado ngapi. Mimi mjuaji wa mitandao nikawa namcheka. "Dada, dunia imehamia kidijitali wewe bado uko na daftari la mangi? Weka kila kitu WhatsApp." Akanisikiliza, maana mimi ndiye mtaalamu wa familia. Daftari lilipoisha hakununua jingine.

Mwezi wa kumi mwaka jana, Rangi Tatu stendi, saa moja jioni, bodaboda ikapita karibu na simu ikaenda nayo. Sekunde mbili tu.

Laini aliirudisha kesho yake kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. WhatsApp ikafunguka, magrupu yakarudi, lakini mazungumzo hakuna hata moja. Nakala ya akiba haikuwepo, kwa sababu ile Gmail ya kwenye simu alifunguliwa na kijana wa duka la simu siku aliyonunua, na neno la siri analijua yule kijana peke yake kama bado analikumbuka. Dada akaenda kuomba taarifa ya miamala ya simu. Ikaja na majina na pesa, lakini haikusema mama huyu 90,000 yake ni ya keki gani wala ya siku gani. Na waliolipa taslimu ndio hawakuonekana kabisa.

Akaweka stetasi kuwaomba wateja wamtumie oda upya. Wengi walikuwa waungwana. Wachache waliokuwa wamelipa nusu wakasema wamemaliza. Utabisha na nini?

Jumamosi ile akaja mama mmoja na watoto wawili kuchukua keki ya kipaimara. Keki haikuwepo. Ndugu zangu, yule mama hakugombana. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale barazani, akaangalia saa, akasema tu, "Basi, nitawaambia nini." Dada aliingia ndani akafunga mlango. Pesa alirudishiwa, lakini kipaimara cha mtoto kinakuja mara moja. Na mwezi ule dada alikopa kwa shoga yake ili apeleke marejesho ya kikoba.

Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Kwa hiyo sikilizeni mwenzenu nilichojifunza. Kuhamia kwenye simu siyo kujipanga. Mimi nilimtoa dada kwenye daftari lililopangwa nikamuingiza kwenye simu isiyopangwa, nikaita maendeleo. Mpangilio hauletwi na kifaa. Kipimo chake ni kimoja tu, na nakiomba mkishike: ukilazwa hospitali usiku wa leo, kuna mtu mwingine anaweza kufungua sehemu moja na kujua keki ya Jumamosi ni ya nani, kalipa ngapi na inapelekwa wapi? Kama hakuna, wewe huna biashara, una kumbukumbu nzuri tu. Na kumbukumbu inaibiwa na bodaboda.

Ndiyo maana nasema ofisi ya kwanza ya mjasiriamali wa siku hizi ni ile isiyoonekana kwenye picha. Ijenge hiyo kwanza, maua ya plastiki yatafuata. Na siyo ghali. Hii ndiyo tuliyoijenga mimi na dada kwa wikiendi mbili, kwa simu ya mtumba na bando la kawaida.

1. Namba ya biashara iwe ya biashara. Tulichukua laini nyingine na kuiweka WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na imekuwepo toka 2018. Faida yake kubwa ni lebo. Kila mteja unambandika lebo: oda mpya, kalipa advansi, kamaliza kulipa, imeshachukuliwa. Asubuhi unafungua lebo ya waliolipa advansi unaona kazi zako za wiki, huhitaji kushuka na mazungumzo ya shangazi na vichekesho vya grupu. Picha za keki na bei zinakaa kwenye katalogi, kwa hiyo yale maswali ya "bei gani hiyo dia" yanapungua. Na kwenye malipo, tukachukua Lipa Namba ili pesa ya keki isichanganyike na pesa ya kununulia mkaa.

2. Imeili ifunguliwe na mwenye biashara. Siyo kijana wa dukani, siyo mpenzi wako, siyo mimi mdogo mtu. Wangapi hapa imeili zao zilifunguliwa na eksi? Nawaona. Namba ya kurudishia akaunti iwe yako. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, ila ujue hizo zinagawanwa na Gmail, Drive na picha zako, na siku hizi hata nakala ya akiba ya WhatsApp kwenye simu za Android inahesabiwa humo humo. Ukijaza video za vigodoro, nakala ya oda zako inakosa nafasi. Chagua kimoja.

3. Folda nne, basi. Kuna watu wanatengeneza folda arobaini, wiki ya pili hawajui waliweka nini wapi. Sisi tuna Oda, Pesa, Picha na Karatasi. Karatasi ndiyo ya TIN, leseni, mkataba wa chumba na risiti. Kila faili jina lake linaanza na tarehe, mwaka mbele, mfano 2025-03-08 keki ya kipaimara, zinajipanga zenyewe kwa mstari. Mtu akiniletea faili linaitwa "mpya mwisho kabisa 2" simuelewi.

4. Jedwali moja la oda. Hapa ndipo moyo wa biashara ulipo. Kwenye Google Sheets tuna safu saba tu: tarehe ya kuchukua, jina, simu, oda yenyewe, bei, kalipa, baki. Keki ya 180,000, kalipa 90,000, safu ya baki inajihesabu yenyewe 90,000. Sheria ya nyumba ni hii: oda ambayo haipo kwenye jedwali haipo duniani. Iwe imekuja kwa simu, DM au mama kaja mlangoni na kanga, inaandikwa kabla dada hajagusa mayai. Tumeiwekea ifanye kazi hata bando likikata, mtandao ukirudi inajituma. Na jedwali linakumbuka nani kabadilisha nini, kwa hiyo hata ukiwa na wafanyakazi hakuna wa kusema sikuwa mimi.

5. Kalenda ipige kelele. Kila oda inaingia kwenye kalenda ya simu, inakumbusha siku tatu kabla na asubuhi ya siku yenyewe. Siku tatu kabla ndiyo siku ya kuangalia kama kuna maboksi na rangi. Kabla ya hapo tulikuwa tunagundua boksi hakuna wakati keki iko tayari na bodaboda anapiga honi nje.

6. Ujue nani ana funguo. Hapa ndipo bosi ledi wetu alipoangukia. Mfanyakazi apewe ruhusa kwenye jedwali la biashara, asiwe na biashara kwenye simu yake. Akiondoka unaondoa jina lake, kazi inaendelea, hakuna ugomvi wa mkoba. WhatsApp weka ule ulinzi wa hatua mbili, namba sita za siri. Halafu pitia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, maana WhatsApp moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne, na unaweza kukuta mtu uliyemfukuza mwaka jana bado anasoma oda zako akiwa kwao.

7. Jumapili dakika 30. Dada anatoka kanisani, anakunywa chai, tunakaa. Lebo, jedwali, kalenda, tunaoanisha. Nani hajalipa, nani hajajibiwa, boksi ngapi zimebaki. Bila hii dakika 30 hayo sita ya juu yanaoza.

Sasa nawajua nyie, kuna watakaosema hayo ni mambo ya makampuni, mimi nauza mitumba yangu miwili mitatu. Haya, nikuulize: kampuni ikipoteza oda moja inaumia kweli? Wewe ukipoteza oda moja ndiyo kodi ya chumba imeenda. Mdogo ndiye anayehitaji mpangilio zaidi, kwa sababu hana pa kuangukia.

Kuna watakaosema daftari linatosha. Nakubaliana nanyi, tena naomba radhi hadharani kwa lile daftari nililolicheka. Dada kanunua jingine na analipenda. Kama mkono wako umezoea kalamu, endelea nayo, ila kila jioni piga picha ukurasa wa leo uweke kwenye folda ya Oda. Daftari lenye nakala ni bora mara kumi kuliko simu mpya isiyo na mpangilio. Daftari peke yake nalo linalowana, linaliwa na panya, linasahaulika kwenye daladala.

Wengine wataniambia nikiandika kila kitu TRA watanikamata. Jamani! Kwenye kodi ya makadirio, sheria yenyewe imetenganisha wafanyabiashara wadogo wenye kumbukumbu na wasio nazo, na kwenye madaraja ya chini asiyetunza kumbukumbu anapangiwa kiwango kilekile awe kauza sana au kidogo, wakati mwenye kumbukumbu anahesabiwa kulingana na mauzo yake. Kwa hiyo hilo jedwali unaloliogopa ndilo linaloweza kukutetea.

Na nirudi kwa bidada kabla sijamaliza, maana zile skrinshoti sijazisahau. Namba ya mteja, vipimo vya mwili wake, anapokaa, tarehe ya sherehe yake, hivyo ni vitu vyake, wewe kakuazima tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Kumwanika mteja ili mashabiki wamle nyama siyo ubosi. Kama angekuwa na jedwali, angefungua mstari mmoja, angeona kosa ni la ofisi yake, angemwambia dada wa watu samahani na kumtafutia gauni lingine lolote lile. Asiye na kumbukumbu siku zote anakimbilia kupiga kelele, kwa sababu hana kingine cha kuonyesha.

Naskia anafungua tawi la pili. Zulia jekundu lipo tayari, na mimi nitalaiki tena, ni mtu wetu. Ila bidada, kama unasoma, na najua unasoma, kabla hujakata utepe uliza swali moja tu pale ofisini: oda za wiki ijayo ziko wapi? Wakianza kutoa simu mifukoni, kila mtu na yake, ahirisha sherehe.

Kwetu Mbagala mambo yanaenda. Lile deni la shoga limeisha mwezi wa pili. Na yule mama wa kipaimara, amini usiamini, karudi. Mdogo wake na yule mtoto ana ubarikio mwaka huu... hapana, kipaimara pia, wao Wakatoliki, dada ananisahihisha hapa pembeni. Aliponipigia nikamwambia subiri mama, nikafungua jedwali nikiwa naongea naye, nikaandika jina, tarehe, ladha ya vanila, kilo tatu, kalipa ngapi. Nikamsomea yote aliyoyasema. Akanyamaza kidogo, akasema, "Siku hizi mnaandika."

Ndiyo mama. Siku hizi tunaandika.

Haya wadau, uwanja wenu. Wewe oda zako zinakaa wapi? Nani ashawahi kupoteza simu na biashara ikaenda nayo? Na kama una njia nyingine inayokufanyia kazi, ya bure zaidi au rahisi zaidi, funguka hapo chini tujifunze wote. Matusi sitaki, majina sitaki. Nawapenda.